Nimenunua rula nzuri, nguo zimeanza kubana! Nishaurini pia vifaa vya kuchora paterni

Bi_Chaki (Kisauni)

Hamjambo wana jamvi. Nisomeni hadi mwisho, nimechoka kunung'unika peke yangu.

Nashona nyumbani mwaka wa tatu sasa. Madera, masketi, sare za harusi, nguo za watoto wakati wa Idi. Vifaa vyangu siku zote ni futikamba niliyorithi kwa marehemu nyanya, chaki, mkasi, na rula ya shule ya sentimita 30 ambayo mwanangu ameshaitafuna kona. Nilikuwa nakata moja kwa moja juu ya kitambaa. Wateja walikuwa wanarudi, tena wanarudi na dada zao.

Mwezi uliopita nikasema nijipandishe cheo. Nikateremka mjini, nikapita Biashara Street kuchukua vitambaa, nikarudi na rula ya alumini ya mita nzima, inchi upande mmoja, sentimita upande wa pili. Nikanunua na karatasi za kaki. Nikaanza kuchora paterni, mistari imenyooka kama reli. Nikajiona fundi hasa.

Gauni la kwanza likabana kifuani. La pili likabana. La tatu ni la mteja wangu wa siku nyingi, nimempima mwenyewe asubuhi hiyohiyo, na zipu ilifika katikati ya mgongo ikagoma. Akaniuliza, "Au ni mimi nimenenepa?" Mungu anisamehe, nilinyamaza nikamwacha aamini.

Sijabadilisha hesabu. Kifua naongeza inchi 2 za kupumua, kama siku zote. Kosa liko wapi? Na swali la pili: nimeona mtandaoni seti ya marula manane, yamepindapinda kama pembe za ng'ombe. Ninunue, au ni pesa za bure?

Sindano_Namba14

Mteja ametoka kwenye harusi tatu za mfululizo, biriani zote kala. Kesi imekwisha, uzi ufungwe.

ShogaWaDera (Kongowea)

Shoga, rudisha hiyo rula ukanunue kitambaa. Mimi nakata madera ya kupeleka sokoni na kifaa changu cha shingo ni sahani ya chai. Naiweka, nazungusha chaki, basi. Sahani hiyohiyo imelipa karo ya watoto wawili. Mambo ya karatasi ni ya watu walio na muda.

Mzee_wa_Kanzu (Mji wa Kale)

Binti yangu, salamu. Sisi tuliofunzwa zamani twakata kwa jicho na chaki, hizo rula za kupinda tumekuja kuziona uzeeni. Lakini sitaki kukucheka. Nijibu swali moja tu. Kabla ya kununua hiyo rula ya mita, ulipokuwa ukikata kitambaa, urefu wa inchi ulikuwa ukiupima kwa nini?

Bi_Chaki

Shikamoo mzee. Kwa futikamba ileile ya nyanya. Nampima mtu nayo, naitandika mezani, nakata nayo. Rula ya shule ni ya kunyooshea mstari tu.

Mzee_wa_Kanzu

Marahaba. Basi laza futikamba ya nyanya kando ya rula mpya, usiivute, zianzie pamoja. Uje utwambie zinaagana wapi.

Bi_Chaki

Jamani.

Kwenye inchi 36 ya rula, futikamba inasoma 35 na thumuni. Nikageuza upande wa sentimita: rula imefika 100, futikamba iko 97 na nusu hivi. Nimerudia mara tatu, nimemwita na mume wangu aje aone. Mzee, ni rula ndiyo mbovu au futikamba?

Mzee_wa_Kanzu

Futikamba. Hiyo ni ya kitambaa kilichopakwa, si ya nyuzi za kioo. Imevutwa kiunoni mwa watu miaka nenda miaka rudi, imelegea kama lastiki ya soksi. Inchi yake imekuwa ndefu kuliko inchi ya dukani.

Ulipokuwa ukipima na kukata kwayo, kosa lilikuwa likijifuta lenyewe. Mtu ni 40, futikamba yasema 39. Wakata 39 kwa inchi zake ndefu, nguo yatoka 40. Hakuna ajuaye. Sasa wapima mtu kwa inchi za nyanya na kukata kwa inchi za rula. Wapima kwa lugha moja, wakata kwa nyingine.

Sindano_Namba14

Naondoa kauli yangu kuhusu biriani. Mzee apewe kahawa na kashata.

Mwalimu_Mshono (Changamwe)

Nafundisha ushonaji chuo cha ufundi na kisa hiki nakiona kila muhula mpya, ila hakijawahi kuelezwa vizuri hivi. Niongezee hesabu kidogo ili Bi Chaki asiendelee kujilaumu.

Futikamba yako imelegea kama asilimia 2 na nusu. Mtu mwenye kifua cha inchi 40 umemwandika 39. Umeongeza 2 za kupumua, umechora 41. Kwa hiyo mwilini zimebaki inchi 1 badala ya 2, na gauni la kitambaa kisichovutika, lenye zipu mgongoni, inchi hiyo moja haitoshi mtu akae kwenye matatu. Kwenye dera usingeona kitu mwaka mzima, maana dera lina nafasi ya watu wawili. Ndiyo maana ShogaWaDera na sahani yake wako salama.

Kabla ya kununua chochote, amua rula moja iwe mama. Yako ya alumini inafaa. Kila kifaa kingine kilazwe kando yake kabla hakijagusa karatasi. Futikamba mpya nunua ya nyuzi za kioo, zile laini zenye bati ncha zote mbili. Dukani jaribu hivi: inchi 50 lazima iangukie sentimita 127 kamili. Isipoangukia hapo, irudishe.

Seremala_Likoni

Niko kwenye feri, naandika haraka. Mwalimu kwa heshima, hapo kwenye 50 na 127 kuna shimo. Futikamba ikilegea, inalegea na inchi na sentimita kwa pamoja, ni mkanda mmoja. 50 itaendelea kukaa juu ya 127 hata ikivutika hadi Diani. Mtihani huo unakamata iliyochapwa vibaya kiwandani, haukamati iliyolegea. Iliyolegea inakamatwa na chuma tu.

Mwalimu_Mshono

Kweli kabisa, nimesahihishwa. Mtihani wangu ni wa futikamba mpya, siku ya kununua. Kwa iliyokwisha kutumika ni kulaza kando ya rula ya chuma, tena kila baada ya miezi michache.

Sindano_Namba14

Na mimi nitoe aibu yangu ili Bi Chaki asiwe peke yake. Niliwahi kuokota futikamba ya bei rahisi sana. Upande mmoja sentimita 150, safi. Upande wa pili namba zinaishia 45. Nikasema ah, ni inchi, labda wamefupisha. Nikakata shingo ya blauzi kwenda chini 3. Ilipovaliwa nikaambiwa shingo imefika pasipopaswa kufika.

Kumbe si inchi. Ni tsun za Kichina, moja ni thuluthi ya desimita, yaani sentimita 3.33 badala ya 2.54. Tatu zake ni sentimita 10. Kwa hiyo angalieni: kwenye futikamba ya sentimita 150, inchi zinapita 59. Ukiona zinaishia 45, hiyo ni ya kupimia mahali pengine.

Bi_Chaki

Nimecheka hadi nimelia, na mara hii si kwa uchungu. Mzee Mungu akuzidishie. Futikamba mpya nimeagiza.

Sasa tuje kwenye hizi pembe za ng'ombe. Nichukue ipi?

Mwalimu_Mshono

Seti ya manane usinunue. Matatu utayatumia, matano yatakuwa ya kukunia mgongo. Ninachowaambia wanafunzi wangu ni hiki.

Rula ndefu unayo. Cha pili ni rula ya plastiki inayopitisha mwanga, upana inchi 2, urefu inchi 18 hivi, yenye miraba midogo mwili mzima. Hii ndiyo mkono wako wa kulia. Alawansi ya mshono, yaani ile nafasi ya ziada ya kushonea, unaiongeza kwa kulaza mstari wa ndani wa rula juu ya mstari wa paterni, unachora ukingoni, hakuna kuweka vidoti. Na kwa kuwa ni nyembamba, unaweza kuisimamisha kwa ubavu ukaipinda kufuata tao na kusoma urefu wake. Hapo kuna mtego mmoja: hesabu vijistari kati ya inchi na inchi. Viwe 8 au 16. Zipo zenye 10, hizo ni za wahandisi. Ukichora thumuni kwa rula ya kumi-kumi, kila mshono unakosea kidogo, na gauni la paneli sita lina mishono sita.

Cha tatu ni kisikweya, ile ya umbo la L. Mafundi wanaipenda ya mkono mrefu inchi 24 na mfupi 14. Nyingine zimechapwa mgao: ukingo mmoja umeandikwa robo, mwingine sudusi, mwingine thumuni. Kifua cha 38, unatafuta 38 kwenye ukingo wa robo, na hapo tayari ni inchi 9 na nusu. Aliyeibuni alikuwa mvivu wa hesabu kama mimi.

Halafu ndiyo rula ya tao, hizo pembe zako za ng'ombe. Wanaiita frenchi kavu, yaani French curve ya Kiingereza, na hapa wanafunzi hucheka kila mwaka, "Mwalimu, na ya majimaji iko wapi?" Chukua moja tu, kubwa kiasi, yenye sehemu ya kupinda sana na sehemu iliyonyooka polepole, na yenye namba ukingoni ili uweze kurudia tao lilelile upande wa pili. Ile ndefu ya nyonga, kwa sketi na suruali, inaweza kungoja hadi utakapochoka kuchora ubavu kwa mkono.

ShogaWaDera

Mwalimu, na sahani?

Mwalimu_Mshono

Sahani si adui, dada. Kwa shingo ya mviringo ni sawa kabisa. Lakini sahani ni duara, ina mpindo mmoja kuzunguka kote. Kwapa si duara. Linashuka kutoka begani karibu limenyooka, kisha linapinda ghafla chini, na mbele linaingia ndani zaidi kuliko nyuma kwa sababu mikono yetu inafanya kazi mbele. Ukikata kwapa kwa sahani, mkono wa nguo utavuta mtu akinyanyua simu. Kwenye dera mkono umeunganika na mwili, kwapa halipo, ndiyo maana hujaliona tatizo.

ShogaWaDera

Haya, nimekubali nusu. Sahani inabaki kwa madera. Ila mwezi huu nimepewa blauzi kumi na mbili za kwaya, na zina mikono ya kupachika. Hiyo frenchi majimaji nitaiazima wapi?

Bi_Chaki

Ikifika yangu nitakupa, shoga. Wewe nifundishe kukata madera manne kwa mkupuo.

Mwalimu, nikishachora kwapa nitajuaje limekaa sawa kabla sijaharibu kitambaa?

Mwalimu_Mshono

Vizuri umeuliza, maana rula ya tao haikufikirii, inakuchorea hata tao baya kwa mstari mzuri. Kata vipande vya karatasi vya mbele na nyuma, vikutanishe begani bila alawansi, utazame. Shingo ipite kutoka mbele kwenda nyuma bila kona, kwapa vilevile. Ukiona kama mdomo wa kasuku pale begani, lainisha. Fanya hivyo ubavuni chini ya kwapa. Na tao lolote linapofika kwenye mstari wa katikati ya mbele, robo inchi ya mwisho iingie kwa pembe ya mraba. Usipofanya hivyo, ukifungua kitambaa kilichokunjwa shingo inachongoka katikati kama moyo.

Kisha simamisha futikamba kwa ubavu, pima mzunguko wa kwapa, mbele na nyuma. Pima na kichwa cha mkono, lile tao la juu la mkono linaloshonwa kwenye kwapa. Kwenye kitambaa cha kawaida kisichovutika, kichwa cha mkono wa kupachika kizidi kwapa kwa inchi 1 hadi 1 na nusu. Kwa shati la kiume, kidogo sana. Kikizidi mno utapata marinda usiyoyaomba.

Seremala_Likoni

Nimeshavuka. Kuhusu kisikweya, usiamini kwa macho, hata mpya. Laza mkono mfupi kando ya ukingo ulionyooka, chora mstari wa kusimama. Igeuze kama ukurasa wa kitabu, chora tena kutoka alama ileile. Mistari ikilala juu ya mmoja, kisikweya ni kweli. Ikitanuka kama mkasi, kosa lake ni nusu ya hicho unachokiona. Ukikosa kisikweya kabisa, pima inchi 9 upande mmoja, 12 upande mwingine, na kutoka ncha hadi ncha iwe 15. Hivyo ndivyo tunavyojengea nyumba.

Na tafadhali msitumie tepu yetu ya chuma kuchorea paterni. Ile ndoano ya mbele inacheza, watu hudhani ni mbovu wanaigonga kwa nyundo. Inacheza makusudi, kwa unene wake, ili ukivuta au ukisukuma kipimo kiwe kimoja. Kwenye karatasi inakuletea matatizo tu.

Mzee_wa_Kanzu

Mwasahau jambo la pwani. Hapa hewa ni chumvi. Rula ya chuma cha kawaida yashika kutu, nawe ukiilaza juu ya kitambaa cheupe cha kanzu, imekuachia mstari wa kahawia na mteja kesho ana swala ya Idi. Alumini haina neno hilo. Mbao yanywa unyevu ikapinda, na ncha zake zalika. Rula ikilika ncha, anzia kwenye 1, kisha toa moja, na usisahau kutoa. Niliwahi kusahau. Kanzu ikawa fupi inchi nzima, nikamwambia bwana kuwa ndiyo sunna, juu ya kifundo cha mguu. Akashukuru.

Sindano_Namba14

Mzee!!!

Za plastiki nazo: usiache kwenye dashibodi ya gari. Yangu niliiacha Bamburi saa za jua, nimerudi imekuwa frenchi kavu bila kununuliwa. Na usifute wino kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha. Namba ziliondoka, plastiki ikawa kama dirisha la bafu. Sabuni na maji tu.

Mgeni_Wa_Jamvi

Naingilia uzi, samahani. Mimi sichori, napakua paterni kwenye intaneti na kuchapa saiba. Nguo zote zinatoka ndogo. Nayo ni futikamba?

Mwalimu_Mshono

Huyo ni kijana wa saiba. Paterni hizo huwa na mraba wa kujaribia kwenye ukurasa mmojawapo. Mwambie achape kwa asilimia 100, asikubali programu ibane ukurasa ili utoshe. Nyingi zimepangwa kwa karatasi ya Marekani yenye upana wa milimita 216, yetu ya A4 ni 210, hivyo mashine inaipunguza bila kukuuliza. Chapa ukurasa wenye mraba peke yake, upime kwa rula ya chuma papo hapo kaunta, ndipo ulipie zilizobaki.

Bi_Chaki

Nimerudi baada ya siku kumi na moja. Futikamba mpya imefika, imelala kando ya alumini, zimekubaliana kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisikweya nimekigeuza kama alivyosema seremala, kiko sawa. Frenchi kavu ninayo, nimechora kwapa langu la kwanza na mdomo wa kasuku ulikuwepo, nimeukata.

Tatizo nililokuwa sijaliona: daftari langu la wateja. Miaka mitatu ya vipimo, vyote vya inchi za nyanya. Nizidishe kila kimoja?

Sindano_Namba14

Kila 40 iandike 41. Tayari.

Mwalimu_Mshono

Usizidishe. Hujui ililegea lini, cha mwaka wa kwanza si sawa na cha mwaka huu. Na watu nao hawakai walivyo. Wapigie waje wapimwe upya, wengi watakuja na kitambaa mkononi.

Bi_Chaki

Nimeanza kupiga. Wa kwanza nimempigia yule wa zipu, maana dhamira ilinisuta. Nimemwambia ukweli wote, kwamba hakunenepa, ni futikamba iliyokuwa inampunguza inchi moja siku zote hizi.

Amecheka sana. Kisha ameniuliza kama hiyo ya zamani naiuza.